Aliua akiwa na miaka 16: kwa nini hukumu yake ipitiwe upya?

SWALI: "Miaka minne iliyopita mdogo wetu wa mwisho aliuawa kwa kisu. Walikuwa vijana wanne, walitaka simu tu, na aliyemchoma alikuwa na miaka 16 na miezi kadhaa. Alihukumiwa kifungo kirefu, nasi tukasema angalau yameisha. Sasa nasikia wanasheria, wewe ukiwa mmoja wao, mnataka sheria ibadilishwe ili kila aliyefungwa kwa kosa alilofanya kabla ya kutimiza miaka 18 kesi yake ipitiwe upya baada ya muda, na pengine aachiwe. Kwani kisu cha mtoto hakiui? Na kama angezaliwa miezi ishirini mapema asingepata nafuu hiyo. Sasa haki inafuata tarehe ya kuzaliwa? Na siku hiyo ikifika nikaitwa, niseme nini?"

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote, ingawa la kwanza litakula nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndiko uliko mzizi wa ubishi huu. Nikuambie mapema msimamo wangu. Sidai kwamba kijana yule asingefungwa, wala sisemi miaka aliyopewa ni mingi mno. Jalada lake sijalisoma. Ninachodai ni kwamba mahakama isifunge siku moja, wakati aliyesimama kizimbani ana miaka 16 au 17, mjadala wote wa miaka thelathini ijayo ya maisha yake. Mengi unayoyasikia kuhusu "kuwahurumia wauaji" yamerundikwa juu ya hoja hiyo moja na watu ambao hawakuisoma.

Kisu cha mtoto kinaua. Hakuna mwanasheria mwenye akili timamu atakayekuambia kifo cha mdogo wako ni chepesi kwa sababu aliyemuua hakuwa amefikia umri wa kupiga kura. Lakini adhabu ya jinai haijawahi kupimwa kwa madhara peke yake. Dereva aliyesinzia akamgonga mtu na mtu aliyeweka sumu kwenye chakula cha mwenzake wameacha maiti mojamoja, na hakuna anayeshangaa wakipewa adhabu tofauti. Mizani ina sahani mbili: madhara yaliyotokea, na kiasi cha lawama kinachomstahili aliyeyatenda. Umri hauigusi sahani ya kwanza. Unaingia kwenye ya pili tu, na hata huko hauiondoi lawama, unaipunguza.

Unaipunguza kwa nini? Hapa watu wengi, hata mawakili wenzangu, hulieleza jambo vibaya. Husema kijana wa miaka 16 "hajui alitendalo". Si kweli, na familia za waliouawa zina haki ya kukasirika zikisikia hivyo. Mketishe kijana wa umri huo chumbani, pametulia, mpe muda, muulize kama ni halali kumchoma mtu kwa ajili ya simu. Atakujibu sawasawa na mtu mzima. Akili ya kupambanua anayo. Kinachochelewa kukomaa ni breki: uwezo wa kujizuia wakati moyo unadunda, wenzako wanakutazama na una sekunde mbili za kuamua. Sehemu ya mbele ya ubongo inayoshughulika na kujizuia na kupima matokeo huendelea kukomaa hadi mtu anapofika katikati ya miaka ya ishirini.

Kuna jaribio moja ambalo huwa nawasimulia mahakimu kwenye semina, kwa sababu linaeleweka bila mtu kusomea ubongo. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha matokeo ya mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Taa inageuka njano. Ukiendelea unapata pointi, lakini ukichelewa kusimama unagonga na unapoteza. Walicheza vijana wa miaka 13 hadi 16, wengine wa 18 hadi 22, na watu wazima wa miaka 24 na kuendelea. Wengine walicheza peke yao, wengine rafiki zao wakiwa wamesimama nyuma. Watu wazima hawakubadilika sana, awe na rafiki au asiwe naye. Wadogo walibadilika waziwazi: wenzao walipokuwapo walithubutu zaidi na kugonga zaidi. Ni vijana wa umri uleule, na mchezo uleule.

Umeandika kwamba walikuwa wanne. Silisemi hili kumtetea aliyeshika kisu. Sijui nani alimwambia nini, na yawezekana ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Nasema tu kwamba hakimu anapopima lawama, kuwapo kwa wale watatu ni jambo la kuulizia. Kwa mtu wa miaka 40 lisingekuwa na uzito huohuo.

Hayo ni kuhusu siku ya kosa. Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni la siku zinazofuata.

Mbelgiji mmoja mtaalamu wa takwimu, Adolphe Quetelet, aligundua mwaka 1831 kwamba uhalifu hupanda kwa kasi katika ujana, hufika kileleni, kisha hushuka kadiri watu wanavyoongezeka umri. Tangu wakati huo mchoro huo umechorwa tena na tena katika nchi nyingi na bado una umbo lilelile. Walio wengi huacha. Hawaachi kwa sababu ya adhabu peke yake. Wanakua, wanapata kazi, wanapata mtu wa kuishi naye, marafiki wanatawanyika. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia kwa miaka saba vijana 1,354 wa Philadelphia na Phoenix waliotiwa hatiani kwa makosa mazito wakiwa na miaka 14 hadi 17. Hao hawakuwa wezi wa maembe. Hata hivyo walioendelea na uhalifu kwa kiwango kikubwa muda wote huo walikuwa takriban mmoja katika kumi. Tena waliozuiliwa muda mrefu zaidi hawakuonekana kurudia makosa pungufu kuliko waliozuiliwa muda mfupi.

Utaniuliza, na yule mmoja katika kumi je? Hilo ndilo swali hasa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt, akitumia data za watoto waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, alionyesha kwamba kuna makundi mawili: wachache wanaoanza ubaya utotoni na kuendelea nao, na wengi ambao ubaya wao huja na ujana na kuondoka nao. Tatizo ni kwamba wakiwa na miaka 16 makundi hayo mawili yanafanana. Makosa yao yanafanana, lugha yao inafanana, hata kiburi chao mbele ya hakimu kinafanana. Wataalamu wa magonjwa ya akili wenyewe wana kanuni inayowakataza kumtangaza mtu chini ya miaka 18 kuwa ana tatizo la kudumu la tabia ya kikatili dhidi ya jamii, kwa sababu wanajua watakosea mara nyingi mno. Sasa, kama daktari bingwa amekatazwa kulisema neno hilo, hakimu mwenye majalada kumi na tano mezani analijuaje?

Kwa hiyo siku ya hukumu ndiyo siku ambayo mahakama inalijua kosa vizuri kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo siku inayomjua vibaya kabisa mtu atakayeishi hiyo adhabu. Mabadiliko ninayoyaunga mkono yanaugawa uamuzi huo mara mbili. Siku ya kwanza mahakama inaamua hatia, uzito wa kosa, kikomo cha juu cha kifungo, na muda ambao lazima autumikie kabla ya kuomba lolote. Baada ya miaka, mtu akiwa na umri wa miaka 26 au 30 hivi na rekodi ya kusomeka, jopo linaamua kama bado kuna sababu ya kumshikilia. Linaweza kusema ndiyo, ipo. Kupitiwa upya si kuachiwa.

Nikuonyeshe kwa kesi inayojulikana jinsi siku ya kwanza isivyo na macho. Mwaka 1993, jirani na Liverpool nchini Uingereza, wavulana wawili wa miaka 10 walimteka mtoto wa miaka 2 wakamuua kikatili. Walishitakiwa kwenye mahakama ya watu wazima, na kizimba ilibidi kiinuliwe ili waweze kuona. Jaji aliyeisikiliza kesi alipendekeza watumikie angalau miaka 8. Jaji Mkuu akasema 10. Magazeti yakachacha, watu wakatia sahihi maombi kwa mamia ya maelfu, na Waziri wa Mambo ya Ndani akatangaza 15. Watoto walewale, kosa lilelile, ushahidi uleule. Kilichokuwa kimebadilika ni nani anashika kalamu na nani anapiga kelele dirishani. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwanasiasa hana kazi ya kupanga kifungo cha mtoto, hatimaye ikawekwa miaka 8, na mwaka 2001 bodi huru ikawaachia kwa masharti.

Kwa kuwa nakuandikia wewe, sitaishia hapo palipo patamu. Mmoja wao alirudishwa gerezani mwaka 2010 kwa kupatikana na picha za watoto wanaodhalilishwa kingono. Mwenzake hajaripotiwa kurudia kosa. Siku ya hukumu mwaka 1993 nani angewatenganisha? Hakuna. Na kilichowezesha yule wa kwanza kurudishwa haraka ni kwamba aliachiwa kwa leseni ya maisha: akivunja masharti anarudi ndani. Mapitio yaliyopangwa vizuri huacha mlango unaofungika tena.

Marekani imetufundisha zaidi, kwa kuwa imekosea kwa ukubwa zaidi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 37, unakataza adhabu ya kifo na kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kutoka kwa kosa lililotendwa na mtu chini ya miaka 18, na unataka kifungo kiwe hatua ya mwisho na cha muda mfupi kadiri inavyofaa. Karibu dunia nzima imeuridhia. Marekani iliutia sahihi mwaka 1995, haikuuridhia. Mahakama yake ya Juu ikalazimika kuufikia mwisho uleule hatua kwa hatua kwa njia ya Katiba yao: mwaka 2005 ikafuta hukumu ya kifo kwa makosa ya walio chini ya miaka 18, mwaka 2010 ikafuta kifungo cha maisha bila paroli, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema kwa masharti, pale ambapo hakuna aliyeuawa, mwaka 2012 ikasema hata kwenye mauaji adhabu hiyo isiwe ya lazima kisheria, yaani jaji apewe nafasi ya kuutazama umri, mwaka 2016 ikasema uamuzi huo wa 2012 unawahusu hata waliofungwa zamani. Halafu mwaka 2021, majaji wapya wakiwa wameingia, ikarudi nyuma nusu hatua na kusema jaji halazimiki kutamka kwamba kijana huyu hawezi kurekebishika ndipo amfunge maisha.

Kesi ya 2010 inafaa kutazamwa kwa karibu. Terrance Graham alikuwa na miaka 16 walipojaribu, yeye na wenzake, kupora mgahawa huko Florida. Alipewa nafasi: uangalizi badala ya kifungo kirefu. Siku 34 kabla ya kutimiza miaka 18 akakamatwa tena, safari hii ikidaiwa amevamia nyumba na bunduki. Jaji, kwa hasira inayoeleweka, akampa kifungo cha maisha, na Florida ilikuwa imefuta paroli. Hakuna aliyekufa katika matukio yote mawili. Mahakama ya Juu haikusema aachiwe. Ilisema apewe fursa ya kweli ya kuonyesha kwamba amekomaa. Na ikagusa jambo ambalo waliokaa na wafungwa hulijua: aliyefungwa maisha huwekwa mkiani mwa foleni ya mafunzo ya ufundi na madarasa, kwa hoja kwamba atayatumia wapi? Kisha tunamtazama baada ya miaka 20 tunasema hajabadilika.

Henry Montgomery alilionja hilo. Alikuwa na miaka 17 alipomuua askari huko Louisiana mwaka 1963. Kesi yake ndiyo iliyoleta uamuzi ule wa 2016, akaishinda akiwa na miaka 69, lakini bodi ya paroli ikamkatalia mwaka 2018, na moja ya sababu ilikuwa kwamba hakuhudhuria mafunzo ya kutosha, wakati kwa miongo kadhaa mafunzo hayo hayakuwapo kwa mtu kama yeye. Ikamkatalia tena 2019. Familia ya askari ilipinga kuachiwa kwake na ilisikilizwa. Alitoka Novemba 2021 akiwa na miaka 75. Sijui wewe unaionaje miaka 57 gerezani. Mimi naona kwamba zamani sana kabla ya hapo kifungo kile kilikuwa kimeacha kumwadhibu kijana aliyeua na kilikuwa kinamtunza mzee.

Baada ya uamuzi wa 2016, mamia ya watu wa aina yake wametoka. Utafiti mmoja wa Philadelphia uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia 174 waliotoka. Waliotiwa hatiani tena walikuwa 2. Nisikudanganye kwa namba hiyo: watu hao walikuwa wametimiza miaka hamsini hivi, na mtu wa umri huo harudii ujambazi kirahisi. Haithibitishi kwamba kila kijana anaweza kutoka baada ya miaka mitano. Inathibitisha kwamba walishikiliwa muda mrefu sana baada ya hatari kuisha.

Sasa niwageukie watu wa upande wangu, maana nao wana dawa inayoua. Wako wanaosema: basi tusimpangie mtoto miaka kabisa, tumweke chini ya uangalizi mpaka wataalamu waseme amepona. Inasikika kama huruma. Mwaka 1964 huko Arizona, Marekani, mvulana wa miaka 15 anayeitwa Gerald Gault alikamatwa kwa kumpigia jirani simu ya matusi. Mahakama za watoto, zilizoanzia Chicago mwaka 1899 kwa nia njema kabisa, ziliamini kwamba hakimu ni kama mzazi, kwa hiyo mawakili na taratibu wa nini. Hakuwa na wakili, mlalamikaji hakufika, hakuna aliyeandika mwenendo wa kesi. Akapelekwa shule ya kurekebisha tabia mpaka atimize miaka 21, yaani hadi miaka sita. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angetozwa faini isiyozidi dola 50 au angefungwa miezi miwili. Mahakama ya Juu iliufuta uamuzi huo mwaka 1967.

Uingereza nayo ilikuwa na kifungo cha "ulinzi wa umma" kisicho na ukomo, kilichowagusa hata walio chini ya miaka 18. Kilianza kutumika 2005 kikafutwa 2012, kwa sababu watu waliopaswa kukaa miaka miwili mitatu waligeuka kuwa wafungwa wasio na tarehe. Na makoloni mengi yalirithi utaratibu wa mtoto aliyeua kushikiliwa kwa hiari ya mkuu wa nchi, ambapo faili linaweza kulala kwenye kabati hadi wote wasahau. Ndiyo maana nasisitiza kikomo cha juu siku ya kwanza, kinachotokana na uzito wa kosa na si na tabia yake darasani, kisha mapitio ndani ya kikomo hicho. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2008, imeweka kikomo cha miaka 25 kwa mtoto hata kwenye kosa zito kabisa, na aliye chini ya miaka 14 hafungwi jela. Ujerumani kwa wa miaka 14 hadi 17 kikomo ni miaka 10. Unaweza kubishana na namba hizo ukitaka. Angalau kuna namba ya kubishana nayo.

Ile hoja kwamba adhabu kali itawatisha wengine nitaipita haraka. Kijana anayeshindwa kufikiria dakika tano mbele hapigi hesabu ya miaka 15 na 25. Kuwahamishia vijana mahakama za watu wazima, jambo lililopendwa sana Marekani miaka ya 1990, kulipitiwa mwaka 2007 na jopo la wataalamu wa afya ya jamii wa nchi hiyo, wakakuta waliohamishwa walirudia ukatili zaidi ya wenzao waliobaki mahakama za watoto. Na yule msomi, John DiIulio, aliyetangaza mwaka 1995 kwamba linakuja wimbi la watoto wasio na huruma hata chembe, aliona uhalifu wa vijana ukishuka mwaka hadi mwaka, na mwaka 2012 akatia sahihi hoja ya kuwaunga mkono vijana waliofungwa maisha, katika kesi ile ya 2012 mbele ya Mahakama ya Juu.

Swali lako la pili, la tarehe ya kuzaliwa, linatuuma kweli. Usiku mmoja haumgeuzi mtu kuwa mkomavu, na kila mstari una mtu aliyesimama sentimita moja nje yake. Lakini angalia dosari hiyo inakuelekeza wapi. Ikiwa wa miaka 18 na mwezi mmoja anafanana na wa 17, dawa ni kuupandisha upole uwafikie na waliozidi 18 kidogo, ukipungua taratibu kadiri umri unavyoongezeka. Ujerumani imefanya hivyo tangu 1953: wa miaka 18 hadi 20 anaweza kuhukumiwa kwa sheria ya vijana ikiwa ukomavu wake bado ni wa kijana. Uskochi tangu 2022 ina mwongozo wa adhabu unaomtazama kipekee kila aliye chini ya miaka 25. California ilianza na mapitio ya waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18, ikapandisha hadi 23, kisha hadi 25. Kikao huja mwaka wa 15, wa 20 au wa 25 wa kifungo kulingana na hukumu. Mstari wa 18 unabaki kwa sababu lazima pawe na mahali ambapo hakuna jaji, hata mwenye hasira, anayeruhusiwa kuvuka.

Kinachohesabiwa, kwa njia, ni umri siku ya kosa, si siku ya kukamatwa wala ya hukumu. Na pale ambapo cheti cha kuzaliwa hakipo, tahadhari na picha ya eksirei ya kiganja: makadirio yake yanaweza kupotoka kwa miaka miwili hivi kwenda juu au chini, kiasi cha kutosha kumgeuza mtoto kuwa mtu mzima kwenye karatasi. Ikibaki shaka, kanuni ni kwamba ananufaika nayo mtoto.

Tufike kwenye kikao chenyewe. Kama sheria itapita na ukaitwa, jua kwanza kwamba si lazima uende. Unaweza kuandika barua, kumtuma mtu, au kukaa kimya, na ukimya wako usihesabiwe kuwa umekubali. Pili, hutaulizwa kama amebadilika. Hiyo ni kazi ya jopo, lenye ripoti ya gereza, ripoti ya afisa ustawi wa jamii na mtaalamu wa saikolojia. Nikiwa kwenye jopo la namna hiyo singetazama kama hana kosa hata moja la kinidhamu. Kijana aliyeingia na miaka 16 karibu kila mara ana miaka ya mwanzo michafu. Ningetazama mwelekeo, na ningetazama anavyolisimulia lile tukio: bado anasema "kisu kiliingia", au anasema "nilimchoma"?

Wewe utasema mlichopoteza, kwa maneno yako, bila kukisia sheria inataka nini. Mdogo wako alikuwa nani, nyumba imekuwaje tangu siku ile. Huna deni la msamaha kwa mtu yeyote, na akitokea afisa anayekubembeleza usamehe ili kikao kiende vizuri, mkatalie. New Zealand, wanaosifiwa tangu 1989 kwa mikutano yao ya familia, ambako kosa la kijana hujadiliwa na ndugu zake pamoja na aliyekosewa, waliyaacha mauaji nje ya mamlaka ya mahakama yao ya vijana, na nadhani walifanya vyema.

Unaweza kuomba masharti: asikaribie nyumbani kwenu, asiishi eneo lenu, asiwatafute ana kwa ana wala kwenye simu, nanyi mjulishwe kabla hajatoka, si mkutane naye njiani. Majopo mengi huyakubali haya kwa urahisi kuliko pingamizi la jumla, kwa kuwa yanatekelezeka.

Na unaweza kuuliza. Hili familia nyingi hazilijui. Kwenye kesi mshitakiwa hukaa kimya kwa ushauri wa wakili wake, au husema lile tu litakalomsaidia, hivyo ndugu huondoka mahakamani bila kujua dakika zile za mwisho zilikuwaje: alisema nini, kwa nini yeye, nani alianza. Kwenye mapitio hana tena cha kuficha, na kujibu kwa ukweli kunamsaidia. Kama kuna swali ulilolibeba miaka minne hii, liandike na umpe mwenyekiti wa jopo kabla ya kikao, umwombe aliulize yeye. Kama hutaki kulisikia jibu ukumbini, omba uletewe kwa maandishi.

Jambo moja la kufanya sasa, usisubiri sheria. Andika barua kwa ofisi ya mashitaka iliyoendesha kesi na kwa gereza alikofungwa, utaje namba ya kesi, useme wewe ni ndugu wa marehemu na unataka kujulishwa kila hatua, kuanzia rufaa na uhamisho hadi msamaha na mapitio. Weka namba mbili za simu, yako na ya mtu mwingine wa familia, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wengi hukosa kusikilizwa kwa sababu namba iliyoko kwenye jalada ni ya laini waliyoiacha zamani.